Hatua Nilizozihesabu Boito

Katika mji mkuu, ndani ya kabati la chuma linalonuka dawa ya wadudu, kuna karatasi ngumu iliyoshonewa tawi kavu la mmea wa kutambaa. Pembeni, chini upande wa kulia, kuna kikaratasi chenye mwandiko wangu. Mwandiko ni mzuri. Walimu wa misheni walinichapa viganja mpaka ukawa mzuri, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu leo. Karatasi ya pili, pacha wa hiyo, ilipelekwa Ulaya kwa meli. Zote mbili zinasema jambo moja, na jambo hilo ni uongo, na aliyelisema ni mimi.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimeandikwa kazi na memsaab mmoja, mjane wa meneja wa zamani wa shamba la chai. Shamba lilikuwa limemwachia nyumba yenye veranda ndefu, umbali wa mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Wazungu wenzake walicheza tenisi, yeye akakusanya mimea. Wachuma chai walimcheka kwamba nchi nzima ing'oe magugu, yeye ayalaze kwenye magazeti kama wagonjwa. Lakini goti lake lilikuwa bovu, hakuweza tena kupanda milima. Ndiyo maana alinitaka mimi: miguu ya kwenda na mkono wa kuandika.

Asubuhi nilitoka na panga na gunia la unga lililofuliwa. Nilikata tawi lenye maua, na kama mbegu zilikuwepo, tawi lenye mbegu pia. Nikirudi nililaza kila tawi katikati ya magazeti, jani moja likionyesha uso na jingine mgongo, kisha tukayabana yote kati ya fremu mbili za mbao na kuyakaza kwa mikanda. Kila siku magazeti yalibadilishwa, yale yenye unyevu yakaanikwa juu ya jiko. Mpishi, mzee wa kutoka upande wa Kisii, hakunisamehe kwa hilo.

"Wewe msichana," alisema, "hii manyasi yako siku moja itaanguka kwa supu, halafu memsaab aseme ni mimi nataka kumuua."

"Mzee, ikianguka koroga tu, atasema ni mboga."

Alicheka, kisha akayasogeza magazeti yangu mbali na sufuria.

Mmea ukikauka, nilikaa veranda na kuandika kikaratasi chake: nambari, tarehe, mahali, urefu wa mlima, rangi ya ua lilipokuwa bichi, maana likikauka hugeuka kahawia na hakuna atakayejua lilikuwaje. Mambo hayo yote memsaab aliniachia. Kwenye mstari wa mahali tu ndipo alipokuwa mkali. Alikuwa na daftari alimonakili kumbukumbu za zamani, za wazungu waliopita huku kabla ya barabara. Mmoja wao alikuwa amechuma klematisi, mmea wa kutambaa wa misitu yetu ya juu, wa aina yenye majani ya manyoya ambayo memsaab hakuwahi kuiona. Mtu huyo aliandika: Sotik, ukingoni mwa msitu. Basi.

"Sotik iko kubwa!" memsaab alikuwa akipiga meza. "Sotik wapi? Juu ya mti gani? Yeye nakufa, sasa nani najua?"

Kwa hiyo alinifundisha namna yake. Kwanza nitafute kitu kisichokufa, jiwe au kivuko cha mto. Kisha nihesabu hatua kutoka kitu hicho hadi kwenye mmea. Alinitembeza veranda kwa kamba siku tatu mfululizo mpaka hatua zangu zikawa sawa zote, na nikikosea alinirudisha mwanzo. "Andika kama wewe nakufa kesho," alisema. Nilidhani ni wazimu wa uzee. Lakini miguu ilizoea, ikawa inahesabu yenyewe hata nikienda kuchota maji.

Klematisi hiyo memsaab aliitafuta miaka miwili. Mimi nilijua ilipo tangu siku ya kwanza, nikanyamaza.

Haina mikono ya kupandia. Hutumia vikonyo vya majani yake: kila kikonyo hujizungusha kwenye kijiti kilicho karibu, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole. Ua lake ni jeupe la rangi ya maziwa, na likishakwisha, kila mbegu huota mkia mrefu wa manyoya meupe. Mti uliopandwa na mmea huo huonekana kama bibi kizee aliyevua kitambaa cha kichwa.

Nilipokuwa na miaka saba tuliishi Boito, kwenye mteremko juu ya kijito, katika ardhi ya shamba ambayo ilikuwa bado haijapandwa chai. Baba alichunga ng'ombe wa shamba, nasi tukaruhusiwa kibanda na mahindi kidogo. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, wa miezi minne. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mchana kutwa, na alikuwa na tabia ya kushika ukosi wa gauni langu kwa nguvu mpaka ukalegea. Alikohoa siku nne. Siku ya tano hakukohoa.

Katika ukoo wetu, wakati ule, mtoto mdogo namna hiyo hakuliliwa kwa sauti. Mama yake hakuonyeshwa alikolazwa, na mahali hapo hapakutajwa wala kunyooshewa kidole. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke mzee wa nyumba. Bibi, mama yake baba, alimchukua asubuhi kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Mimi niliambiwa nikae nichochee moto, lakini sikukaa. Nilimfuata nikijificha kwenye mahindi. Nikamwona akichimba kando ya zizi la zamani, chini ya mti wa tebeswet, akamlaza, akafukia. Halafu akaivuta klematisi kutoka mtini bila kuikata, akailaza juu ya udongo, ncha yake akaikandamiza ardhini kwa kisigino ili ishike mizizi.

Alipogeuka aliniona. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Hujaona," na akapita.

Mama aliambiwa kidogo zaidi, lakini si sana. "Nimemfunika kwa ule wa manyoya," bibi alimwambia, na hayo ndiyo yote mama aliyopewa. Baadaye baba alifariki, tukahamia ng'ambo ya kijito, na bibi naye akaondoka na siri yake. Nikabaki mimi peke yangu duniani ninayejua, na nilikuwa nimeambiwa sijaona.

Sasa utaniuliza kwa nini nilikwenda kukata pale. Memsaab alianguka bafuni, daktari akaja, na alipotoka nilimkuta amekaa na lile daftari magotini. Akasema labda atarudi kwao Ulaya, na atarudi bila kuiona klematisi yake. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, hakupiga meza. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma, na kidogo nilimwonea. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka sifa. Nilitaka aseme mbele ya wageni wake kwamba msichana huyu ndiye aliyeiona.

Nikaenda Boito. Kibanda chetu kilikuwa kimelala chini, thafu, yale majani yanayowasha, imeota mlangoni. Klematisi ilikuwa imeufunika mti wa tebeswet wote na kushuka upande wa pili juu ya vigingi vya zizi, maua na mbegu kwa pamoja, na penye kile kijilima alichoacha bibi palikuwa pazito kabisa, hapaonekani udongo. Nilitaka kusema kitu na sikujua husemwa nini, maana sikutakiwa hata kuwa pale. Kisha nikakata matawi mawili. Vikonyo vilikuwa vimeshikana, ikanibidi nivifungue kimoja kimoja kwa vidole, na kila nilichofungua nilikumbuka ukosi wa gauni langu.

Nilipokuwa naondoka, miguu ilihesabu. Kutoka mtini hadi kwenye jiwe kubwa la kijitoni, lile ambalo mama alikuwa akifulia nguo, nilihesabu kila hatua, sawasawa, kama nilivyofundishwa kwa kamba. Nilipofika kwenye jiwe niliitaja ile nambari kwa sauti ili nisiisahau.

Nyumbani mama alikuwa anapepeta wimbi. Alinitazama, akaniita karibu, akaanza kuokota manyoya meupe kwenye sweta yangu. Aliyatoa moja moja, hakuyapeperusha. Aliyafunga kwenye pindo la kitambaa chake.

"Umetoka wapi?" aliniuliza. Alisema Kikipsigis, kama alivyosema maisha yake yote. Mimi ndiye ninayemgeuza hapa.

"Kazini."

Hakuniuliza tena, akarudi kwenye wimbi lake.

Siku iliyofuata memsaab alipoona lile tawi alishika meza kwa mikono miwili. Alinisomea majani kwa kioo chake cha kukuzia: manyoya chini, manyoya juu, meno pembeni. Alilia kidogo, na mimi nikaona haya, sijui kwa nini. Kisha akanipa kalamu. Tulipofika kwenye mstari wa mahali, akanitazama.

"Wewe nakata wapi?"

Wino ulikuwa tayari kwenye kalamu. Nilifikiri mambo mengi kwa mara moja. Nilifikiri neno la bibi. Nilifikiri jinsi memsaab alivyoagiza wafanyakazi wang'oe mmea mwingine na mizizi yake yote, waulete kwa toroli kupandwa bustanini kwake, na nikaona toroli ikipanda Boito. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekwenda Chepilat, soko la mpakani na Kisii, kumtembelea shangazi. Jina hilo lilikuwa karibu na ulimi.

"Chepilat," nikasema.

"Hatua?"

"Arobaini. Juu ya kivuko cha mto, ukingo wa kushoto. Iko kwa mti umeanguka."

"Sawasawa?"

"Sawasawa, memsaab."

"Vizuri. Mimi naamini wewe," akasema.

Nikaandika. Palikuwa na mstari wa mwisho, wa matumizi ya mmea kwa watu wa mahali hapo. Hapo niliandika: hakuna.

Tangu siku hiyo ile nyumba ilibadilika kwangu. Mbegu zilizokuwa kwenye tawi zilipokauka zilifunguka ndani ya magazeti, na manyoya yakawa yanatoka pembeni ingawa mikanda ilikuwa imekazwa. Niliyakuta kwenye mazulia. Niliyakuta kwenye kikombe changu. Mpishi aliyafukuza kwa taulo, nayo yakapaa, yakashuka polepole pale pale. "Hii kitu haitaki kukaa ndani," alisema, na safari hii hakutania. Vidole nilivyotumia kuvifungua vile vikonyo vilitoka malengelenge. Utomvu wa klematisi huunguza ngozi, najua hilo; memsaab mwenyewe alinieleza. Lakini vidole vilivyounguzwa vilikuwa vile vile alivyokuwa akivishika mdogo wangu nilipomshusha mgongoni, na hakuna maelezo yaliyonisaidia. Mama alinipaka samli bila kuuliza kitu.

Na nikaanza kumsikia mgongoni. Sisemi kwamba aliongea. Nilikuwa nikiinama kubadilisha magazeti, nasikia uzito mdogo hapa, chini ya shingo, kama wa mtoto aliyelala. Niliinuka polepole ili nisimwamshe. Mpishi aliniona nikifanya hivyo mara nyingi na akadhani nina mgongo mbovu.

Mwaka mmoja baadaye shamba lilifikia mteremko wa Boito. Nilikwenda kuona. Trekta lilikuwa limefungwa mnyororo, na tebeswet wetu uliinama, ukatoa mlio, ukang'oka na klematisi yote juu yake. Waliburuta kila kitu hadi kwenye rundo na kukichoma. Nyapara aliniuliza kama nimekuja kutafuta kazi. Nikasema hapana, napita tu. Udongo uligeuzwa, ukasawazishwa, mistari ikapigwa kwa kamba, na miche ya chai ikapandwa yote kwa umbali mmoja. Ningesema nini, na kwa nani, na mahali penyewe sijapaona?

Memsaab aliondoka muda mfupi baada ya hapo. Aliniachia sweta zake mbili na kitabu cha nakala, kile ambacho kila kikaratasi kilibaki ndani yake kwa rangi ya buluu ya karatasi ya kaboni. "Hii iko kazi yako," alisema. Nilikifunga kwenye kitambaa na kukiweka chini ya kitanda, na nikajitahidi kusahau kwamba kina ukurasa wenye Chepilat.

Miaka mitatu tangu siku ya kulikata lile tawi, mama alibatizwa. Alibadilika kwa mambo madogo: kitambaa cheupe, nyimbo akikamua. Na jambo moja kubwa. Aliona kanisani watu wakizika watoto wao mchana, mbele ya kila mtu, wakiweka msalaba na kurudi pale kupalilia. Jumapili moja alirudi, akaketi mlangoni, akaniambia bila kuzunguka:

"Nataka kuonyeshwa mdogo wako alipo."

Nikainuka nichukue mtungi.

"Mimi si mjinga," akasema. "Nipeleke."

Tukaenda Boito asubuhi ya Jumatatu. Jiwe lilikuwa pale pale kijitoni. Wachuma chai walikuwa wakitua vikapu vyao juu yake. Juu ya jiwe, kila upande, chai. Ilikuwa imeshika kiuno na kukatwa juu sawa kama meza. Hakukuwa na zizi, hakukuwa na kisiki, hata mteremko wenyewe ulikuwa umenyooshwa ukakataa kufanana na ule niliokulia. Mama alisimama kando ya jiwe, akaweka mkono juu yake.

"Wewe ulifundishwa kuhesabu," akasema. "Hesabu."

Nambari haikuwepo. Niliitafuta kichwani na nikakuta mahali pake peupe. Nilikuwa nimeitaja kwa sauti juu ya jiwe hilo hilo, na sasa sikujua hata kama ilikuwa ya mia au chini ya mia. Nilianza kupanda hata hivyo, nikitumaini miguu itasimama yenyewe. Nilisimama mahali fulani. Nikarudi kwenye jiwe, nikaanza tena, nikasimama kwingine, mistari mitatu pembeni. Mara ya tatu nilisimama pengine kabisa. Jasho lilinitoka. Nilikuwa nimemkanyaga labda, mara moja au zote tatu, na sikujua.

Nilipomrudia mama hakuwa na hasira. "Basi soma kwenye kitabu," akasema, na akanyoosha mkono kwenye kikapu alichobeba. Alikuwa amekuja nacho. Alikuwa amekitoa chini ya kitanda changu.

Mama hakujua kusoma. Ningeweza kufungua ukurasa wowote na kusema nambari yoyote, tisini na mbili, mia na kumi, kisha nihesabu, nisimame, niseme ni hapa. Angepiga magoti pale na kufurahi. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka. Nilitazama ule mkono ulionishikia kitabu, nikashindwa.

"Mama, niliandika Chepilat."

Hakuelewa. Nikamweleza yote: memsaab, kalamu, toroli, neno la bibi. Nikamwambia nambari nimeisahau na haikuandikwa popote, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo. Alikaa chini, juu ya jiwe, polepole.

"Siku ile uliporudi na manyoya kwenye sweta, nilijua," akasema. "Nilitaka kukupiga. Halafu nikasema, acha. Bibi yake amekufa na mahali pake mdomoni, lakini huyu ameandika. Wazungu hawatupi karatasi. Nikakusamehe kwa sababu hiyo. Kila nilipopita kwenye hii chai nilisema, hata wapande vipi, karatasi inajua."

Nililia. Nililia kama sikulia nikiwa na miaka saba, mbele ya wachuma chai waliosimama na vikapu vyao wakitutazama. Mama aliniacha nilie. Nilipomaliza aliuliza:

"Huko Chepilat uliandika ni mahali gani?"

"Mama, huko hakuna kitu. Nilitunga tu."

"Nimeuliza mahali gani."

Nikamwambia. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi: uongo wangu niliukumbuka wote, mpaka ukingo wa mto na idadi ya hatua.

"Basi umemhamisha," akasema. "Mahali anapojulikana ni huko. Nimekaa miaka kumi na tano bila mahali. Sasa nina mahali penye jina, na mto, na hatua arobaini. Nipeleke."

Nilibishana naye wiki nzima. Nilimwambia ni wazimu, nilimwambia kanisa halitapenda. Alinisikiliza vizuri kabisa, na siku ya soko nikamkuta ameshavaa, na kibuyu cha maziwa begani. Tulipanda lori la mahindi, tukashukia Chepilat, tukateremka hadi kwenye kivuko. Akanisimamisha pale.

"Ukingo wa kushoto," akasema. "Hesabu."

Nikahesabu. Hatua zote zilikuwa sawa, na yeye alinifuata nyuma akizisema nami moja moja, mpaka arobaini. Palikuwa na ua wa mtu, miwa michache, na mti mdogo wa miiba. Mama mmoja wa Kisii aliyekuwa akichota maji alitutazama na kuja.

"Mnatafuta nini, mama?"

Mama alimjibu kwa Kiswahili chake, kile cha sokoni, kisichotofautisha sana p na b. "Mtoto."

Yule mama alitua mtungi haraka. "Mtoto amepotea? Wa miaka mingapi?"

"Alikuwa amepotea. Saa hii tumepata yeye. Naompa nimwekee kitu hapa, kwa ua yako."

Yule mama alinitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Sijui aliona nini usoni pangu. Alisema, "Weka tu, mama, hapa hatulimi," na akasimama pembeni na mtungi wake, hakuondoka.

Mama alifungua pindo la kitambaa. Yalikuwa humo yote, yale manyoya aliyookota kwenye sweta yangu, yamekuwa ya kijivu, kila moja na mbegu yake mwishoni. Alikuwa ameyahamisha kutoka kitambaa hadi kitambaa kwa miaka mitatu. Aliyaweka chini ya mti wa miiba, akamwagia maziwa kidogo, akafukia kwa mkono, akakandamiza kwa kisigino. Hakuna aliyemwonyesha kisigino. Hakuwapo siku ile. Kisha akamwita mdogo wangu kwa jina. Sikuwa nimelisikia tangu nikiwa na miaka saba. Uzito uliokuwa mgongoni mwangu ulisogea, hivyo ndivyo ilivyokuwa, kama mtoto anayeitwa na mama yake akageuza kichwa. Nilingoja utoke. Haukutoka.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inaishia, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, alikuja kijana mmoja kutoka kwenye yale makabati ya mji mkuu. Alikuwa anapita nchi nzima akikagua kumbukumbu za zamani, kuona ni mimea gani bado ipo. Alikuwa na nakala ya kikaratasi changu. Alisema amefika Chepilat, akasimama kwenye kivuko, akahesabu hatua arobaini, na klematisi ilikuwa pale, yenye majani ya manyoya, imepanda mti wa miiba na inaelekea kwenye ua wa mtu. Alikuwa amefurahi sana.

"Mama, laiti wote wangeandika kama wewe," akasema. "Hii ndiyo kumbukumbu sahihi kuliko zote nilizokagua."

Nilimwambia kongoi, asante ya kwetu. Aliniuliza kama niliwahi kuiona mahali pengine katika milima hii, Boito labda, maana ardhi ya huko ingeifaa. Mama alikuwa ameketi mlangoni, anasikia. Aligeuka akanitazama, akingoja jibu langu.

"Sijaona," nikasema.

Akaandika hivyo. Kwa hiyo ndani ya makabati yale, Boito haina kitu.

Mama amekwishafariki, na tulimzika mchana, na msalaba upo. Mimi nimezeeka, lakini miguu yangu bado inahesabu. Siichochei. Natoka nyumbani kwenda dukani, na mahali fulani njiani inasimama yenyewe, nami nasimama nayo, natazama chini, na moyo unaniambia ndiyo hii, ndiyo nambari yenyewe. Naitaja kwa sauti. Halafu nakumbuka kwamba jiwe liko Boito, na kwamba jana ilisimama kwenye nambari nyingine.